Pole ya Cucu Wangeci

Salim, mjukuu wangu, juzi uliniomba funguo za gari mbele ya mama yako, ukijua kwamba mbele yake sitapiga kelele. Sikukujibu. Nilijifanya naosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Sasa nakujibu kwa maandishi, wewe na wenzako wote wa kidato cha tatu mnaoweza kurudisha gari nyuma hadi getini mkadhani huko ndiko kuendesha.

Mnajua kwamba nilifanya kazi ya bima. Hamjui ilikuwa kazi gani hasa, maana mkisikia bima mnamfikiria mtu wa kubandika stika kwenye kioo. Mimi nilikaa upande wa madai, hapa Nyeri mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Gari likigonga, mwenye gari alikuja kwangu. Alisimulia yaliyotokea kwa Kiswahili, au kwa Kikuyu ambacho mimi, mtoto wa Majengo, mtaa wa Waswahili, nilikiokota sokoni tangu utotoni, nami nikayaandika kwa Kiingereza ili wakubwa wa Nairobi wasome. Riziki yangu ilitoka hapo, kati ya lugha, mpaka nikastaafu mwaka jana.

Niseme wazi kwamba mimi ni mwoga. Mpaka leo navuka barabara nikiwa nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua, na mama yako anaona haya. Watu walidhani kazi ile ingenifanya nizoee ajali. Haikunizoesha chochote, ilinifundisha tu kuogopa kwa mpangilio. Nikimwona kijana nyuma ya usukani, sioni kijana. Naona mzazi wake akipanda zile ngazi zetu.

Mzazi ambaye mtoto wake amegonga mtu ana namna yake ya kupiga simu. Haulizi bima italipa nini. Kwanza anasalimia, tena kwa urefu, anauliza habari za nyumbani na habari za mvua, kisha ananyamaza. Akinyamaza ndipo nilikuwa naanza kutafuta kalamu.

Zilikuwepo siku za kucheka pia, nisiwadanganye. Mfanyabiashara mmoja wa Sagana aliandikisha kwamba ng'ombe alitoka upande wa kushoto bila kuonyesha ishara. Nikamuuliza mara mbili kama kweli anataka niandike hivyo. Akaniambia, "Andika vile nimesema, mama. Hiyo ng'ombe ndio ilikuwa na makosa." Nikaandika. Na mzee mmoja wa Kangema, bintiye alipogonga nguzo ya geti la shule, alilificha gari chini ya mabua ya mahindi kwa muda mrefu hivi kwamba tulipokwenda kulitazama tulikuta kuku ametaga kwenye kiti cha nyuma. Mzee akatuomba tusimsumbue kuku. Tulicheka njia nzima ya kurudi, lakini fikirini ni hofu gani inayomfanya mtu mzima afunike gari lake kwa mabua.

Aliyenifundisha kazi alikuwa meneja wetu, Bwana Githinji, mtu mnene wa polepole aliyevaa sweta mbili hata mwezi wa kwanza jua likiwaka. Kwanza alinifundisha kumpa mtu chai kabla ya kushika kalamu. Mtu mwenye kikombe mkononi hujizuia kutetemeka, alisema, maana chai itamwagika. Pili, usimuulize nani alikuwa anaendesha. Hilo swali amelijibu mwenyewe njia nzima mpaka jibu limekuwa laini. Muulize alishuka kwa mlango upi, na mguu wake ulipotua alikanyaga nini. Aliyekuwa kwenye usukani hukumbuka alichokanyaga. Tatu, tazama bega. Mkanda wa dereva hupita bega la kulia na wa abiria la kushoto, na gari likisimama ghafla mkanda huacha alama. Siku hizi watu wanatuma picha kwa simu, gari limepigwa kila upande hadi chini ya matairi, na bega la mtu hakuna anayeliona.

Sasa niwaambie habari ya Giakanja, soko dogo la kule Tetu.

Ilikuwa mwezi wa saba, msimu ule ambao ukungu unashuka Tetu asubuhi na kukaa hadi jioni. Gichuki, mwenye duka la dawa za mifugo pale Giakanja, alipanda ngazi zetu pamoja na mkewe na mtoto wao wa kwanza, Mwangi. Gichuki alikuwa mrefu, mlango wetu aliuingia kwa kuinama. Mwangi alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa mfupi kama mama yake, amevaa sweta ya shule, na shule zilikuwa zimefunguliwa, alipaswa kuwa darasani.

"Habari ya kazi, Mama Zuhura," akasema Gichuki.

"Njema, Baba Mwangi. Habari ya Giakanja?"

"Ni baridi tu. Mvua ni kidogo. Ng'ombe ziko sawa." Kisha akanyamaza.

Nikawapa chai. Nikatafuta kalamu.

"Niligonga mtu jana jioni," akasema. "Ni mimi nilikuwa naendesha pikapu. Nilikuwa natoa unga ya ng'ombe kwa duka napeleka nyumbani. Ukungu ilikuwa mingi. Huyo mama alikuwa amebeba nyasi, na mimi sikumwona."

"Pole sana. Ulishuka kwa mlango upi?"

"Ya dereva."

"Uliposhuka ulikanyaga nini?"

Akamtazama mkewe. "Chini," akasema. "Nilikanyaga chini."

Mwangi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeingia ndani ya kola ya sweta, umeshika bega la kulia, na alikuwa analikanda bila kujijua.

"Ni mtaro," akasema kwa sauti ndogo. "Kulikuwa na mtaro na matope."

"Nyamaza," baba yake akamwambia.

Nikaweka kalamu chini. Nilipouliza, Gichuki akaniambia kwamba polisi nao wameshaandika hivyo hivyo, kwamba ni yeye. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba alikimbia kutoka dukani akafika kabla yao, akamtoa mwanawe kando, akajisimamisha mlangoni mwa pikapu. Nusu ya soko la Giakanja ilimwona akikimbia. Na aliyemtuma mtoto apeleke unga nyumbani kwa gari, kama alivyokuwa akimtuma kwa miezi mingi, alikuwa yeye.

Hapa sikilizeni vizuri, vijana. Ukiwa hujafikisha miaka kumi na minane huna leseni na huwezi kuwa nayo. Ukimgonga mtu, bima ya baba yako itamlipa yule mtu, kwa sababu sheria inailazimisha. Kisha itageuka, imfuate mwenye gari ili irudishiwe chake. Mwenye gari ni baba yako, na baba yako ana nini isipokuwa kipande cha shamba. Tena kukupa gari bila leseni ni kosa lake yeye, la kusimama mahakamani peke yake. Wewe unapelekwa mahakama ya watoto, na ukitoka huko mama yako ataanza kuuliza kama utapata cheti cha polisi siku utakapotafuta kazi. Na uliyemgonga akifa, mashtaka yanabadilika jina.

Ndiyo maana wazazi wanasema ni wao. Leseni ipo, bima ipo, kila kitu kinakaa vizuri mpaka shahidi mmoja afungue mdomo. Hapo mzazi amewadanganya polisi na ameidanganya bima, na kampuni ina sababu nzuri ya kumtupa kabisa. Nimewaona waliofika hapo. Sitaki kuwasimulia sura zao.

"Baba Mwangi," nikamwambia, "nikishaandika hii utatia sahihi, na ukishatia sahihi siwezi kukusaidia. Nenda nyumbani kwanza. Rudi kesho."

"Andika, Mama Zuhura. Mimi nimesema."

"Wakati upo. Rudi kesho."

Akaondoka amekasirika, akainama mlangoni, mtoto nyuma yake. Mama Mwangi alibaki akiwa ameshika kikombe ambacho hakukinywa. Nikamuuliza mgonjwa ni nani.

"Ni Cucu Wangeci," akasema. Cucu, kwa Kikuyu, ni bibi kizee. "Jirani yetu wa chini. Tunachota maji ya mfereji moja. Nyonga imevunjika na kichwa iligongwa. Tangu jana hajaamka."

Usiku huo sikulala vizuri, na wale watu hawakuwa hata ndugu zangu.

Kesho yake Gichuki hakuja. Alikuja Mama Mwangi peke yake, saa za mchana, leso imefungwa mpaka kwenye nyusi. Aliniuliza kama shamba litachukuliwa. Aliniuliza kama Mwangi atapata good conduct, kile cheti cha polisi. Kisha akauliza lile lililomleta, na kwa hofu l zikawa zinamgeuka r, kama kwa Kikuyu.

"Mama Zuhura, mimi nataka kwenda kumwona. Nikikaa nyumbani watu watasema nini? Ng'ombe yake nimeilisha tangu juzi, rakini mwenyewe sijamwona. Baba Mwangi ameambiwa na watu wa soko ati nikienda nitakuwa nimekubari makosa. Ati hata kusema pore ni kukubari."

Watu wa soko hawakuwa wamelibuni hilo. Katika masharti ya bima imeandikwa kwamba mwenye gari asikubali kosa wala kuahidi chochote bila kampuni kujua, na wakubwa wetu walipenda kulifafanua kwa simu: waambieni wasiseme sorry. Sasa kwa Kiingereza neno ni hilo moja. Ukimkanyaga mtu unalisema, na mtu akifiwa unalisema hilo hilo. Kwetu ni maneno mawili ambayo hata hayaketi pamoja. Pole unampa mtu kwa yaliyompata, hata kama yalipompata wewe ulikuwa Mombasa. Nisamehe unamwomba kwa ulilomtenda. Lakini mtu akishaogopa anaona maneno yote yana meno, na mimi nimeziona familia zikikaa mbali na mgonjwa kwa kuogopa neno pole, mpaka ndugu wa mgonjwa wakasema hawa si watu, wakaenda kutafuta wakili mkali.

"Pole sema," nikamwambia. "Nisamehe ndiyo usiseme. Wala tusamehe. Wala ni sisi."

"Na zikitoka pamoja?"

Basi tukafanya mazoezi. Niliegemeza kiti ukutani, nikafumba macho, nikawa mgonjwa. Yeye akasimama kando yangu, mikono ameshikanisha.

"Pore, cucu," akasema. "Tusame..."

"Hapana. Anza tena."

"Pore, cucu. Mungu akuponye."

"Hapo. Simama hapo hapo."

"Na akiniuliza ni nani alikuwa anaendesha?"

"Sema umekuja kumjulia hali."

Nikamtania kwamba kwa hiyo "pore" yake hata wakili akiwa chini ya kitanda hatajua kimesemwa nini. Akacheka, akaziba mdomo kwa leso, na kicheko kikageuka kilio pale pale. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi sana.

Kilichotokea hospitalini sikukiona. Nilikisikia, na aliyenisikizisha ni Njogu, mtoto wa Cucu Wangeci, fundi wa mawe. Alikuja ofisini siku iliyofuata akiwa na vumbi la kazi kwenye viatu, akakataa chai, akakataa kiti.

"Nasikia nyinyi mmeandika ni mzee alikuwa anaendesha," akasema.

"Bado hatujaandika kitu."

"Basi sikiza kabla uandike."

Akaweka simu mezani. Alikuwa ameketi kando ya kitanda cha mama yake, ambaye alikuwa ameamka asubuhi ile, na alipowaona Mama Mwangi na Mwangi wakiingia wodini alijifanya anasoma simu, kumbe ananasa sauti. Kwanza nilisikia magurudumu ya toroli. Kisha Mama Mwangi, vizuri kabisa, kama tulivyofanya mazoezi: "Pore, cucu. Mungu akuponye." Nikamsifu moyoni. Kisha sauti ya kijana, inavunjika.

"Cucu, nisamehe. Si buda. Ni mimi nilikuwa nadrive."

"Mwangi," mama yake akasema.

"Gari ilinishinda hapo kwa kona. Nilikuona nikachelewa kubrek. Nisamehe, cucu."

Alikuwa analia. Kitanda kililia kidogo, mtu akajaribu kujigeuza, akashindwa, akavuta pumzi ya maumivu. Halafu ikaja sauti ya mwanamke mzee, nyembamba, ya mtu ambaye mdomo umemkauka.

"Pore, mwana wakwa," akasema. Mtoto wangu, alimwita. "Pore sana."

Njogu akaichukua simu yake. "Mimi nilikuwa nataka huyo kijana ashikwe hapo hapo," akasema. "Nilikuwa nimesimama tayari. Sasa mathe anampea pole. Kesi sitoi, mama. Kesi iko. Lakini nataka iandikwe ukweli." Akanitumia ile sauti, akashuka ngazi bila kuaga.

Niliisikiliza tena peke yangu, mlango nimefunga. Kisha nikaituma Nairobi kwa wakili wa kampuni, maana ndivyo kazi ilivyotaka, nikimwambia tafsiri itafuata. Wakili alikuwa kijana wa Meru, mwenye adabu, mwepesi wa kuelewa. Alipiga simu kabla sijamaliza kuandika.

"Mama Zuhura, nimesikiza," akasema. "Kijana amekubali. Hapo hatuna la kufanya. Lakini huyo mgonjwa pia amesema sorry. Mara mbili."

"Amesema pole."

"Na pole kwa Kiingereza ni nini? Alikuwa na mzigo wa nyasi kichwani, kwa ukungu. Huenda aliingia barabarani bila kuangalia, na anajua. Mbona amwambie sorry mtu amemgonga? Ukiandika sorry kwa tafsiri, tunaweza kugawanya lawama. Kampuni italipa nusu. Hata mteja wako atadaiwa nusu. Mfikirie yeye."

Nikakaa na simu mkononi. Hakuwa ananiomba niandike uongo. Fungueni kamusi yoyote, mtalikuta neno lile lile analolitaka. Na alikuwa amesema kweli kuhusu Gichuki, kwamba nusu ile ndiyo ingeliokoa shamba. Nilianza kuogopa kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea, maana miaka yote hofu ilikaa upande wa pili wa meza, na sasa ilikuwa imezunguka imekuja kuketi upande wangu.

Nikampigia Gichuki. Alikuja jioni hiyo hiyo, ofisi ikikaribia kufungwa. Mkewe na Mwangi walibaki chini mbele ya duka la viatu, kijana hakutaka kupanda. Nikampa chai, nikamwambia kilichomo kwenye simu, nikamuuliza kama anataka kusikia. Akaitikia kwa kichwa.

Alipofika pale Mwangi anaposema si buda, si baba yake, aliweka kikombe mezani. Nilidhani atasimama aondoke. Alibaki amekaa, magoti yamegusa meza yangu kwa urefu wake, macho sakafuni, mpaka mwisho.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Hapana. Rudisha hapo kwa cucu."

Pore, mwana wakwa. Pore sana.

Nikamweleza alichosema wakili, bila kuongeza wala kupunguza. Kwamba neno lile likiandikwa hivi, huenda ikasemekana kwamba Cucu Wangeci naye alikosa, na yeye Gichuki atadaiwa kidogo.

"Shamba itabaki?"

"Huenda ikabaki."

"Na wewe unaona alikuwa anasema nini?"

"Wewe ni wa Giakanja, Baba Mwangi. Umemsikia."

Chini barabarani makanga walikuwa wanaita abiria, na mimi nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo, bila kujua hasa naomba nini.

"Alikuwa anampatia Mwangi pole," akasema hatimaye. "Amelala hapo na nyonga imevunjika, anampatia mtoto wangu pole. Ati kwa vile amepatwa na kitu mbaya." Akapangusa uso kwa kiganja. "Mimi ni babake, na sijampatia. Tangu hiyo siku namwambia tu anyamaze. Hata huyo mama mwenyewe sijaenda."

Akainywa ile chai yote kwa mkupuo, imeshapoa. Akasimama. Akauendea mlango akiwa anafikiria mengine, akasahau kuinama, na kichwa kikagonga fremu ya juu kwa kishindo.

"Pole," nikasema, kabla sijafikiri.

Akageuka, mkono kwenye paji la uso. Tukatazamana. Mimi sikuwa nimeujenga ule mlango wala sikuwa nimemsukuma. Akatikisa kichwa kidogo, karibu acheke, akashuka.

Nilikwenda dirishani. Niliwaona wote watatu wamesimama kando ya viatu vilivyotundikwa, Gichuki akisema kitu, mkono wake kwenye bega la mwanawe, lile la kulia, kisha akauondoa haraka alipoona kijana amekunja uso. Akauweka kwenye la kushoto. Halafu wakaanza kutembea kuelekea kituo cha polisi. Gichuki alitembea mbele, polepole, na kabla ya kona alisimama, na mimi nikajua anataka kurudi. Mama Mwangi akamfikia, hakumshika wala kumsukuma, akasimama naye tu. Wakaendelea wakapotea kwenye kona.

Mimi nikarudi mezani. Niliandika tafsiri yote kwa Kiingereza, toroli, kilio, kona, breki, na nilipofika kwa Cucu Wangeci niliandika pole kama ilivyo, kwa Kiswahili, mara mbili, nikaendelea na sentensi. Wakili akanipigia.

"Mama Zuhura, hapa mwisho hujatafsiri."

"Sijaweza."

Nilisikia anavuta pumzi. Alikuwa na haki ya kunikasirikia, na mimi nilikuwa tayari nimekunja mabega kungoja.

"Mama yangu alianguka jikoni mwaka huu," akasema. "Nilipofika nyumbani kutoka Nairobi, yeye ndiye alinipa pole. Ya safari." Nikasikia karatasi zikifungwa. "Iache hivyo."

Sitawadanganya kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa matamu. Gichuki alishtakiwa kwa kumpa gari asiye na leseni, na kwa uongo aliowaambia polisi, ingawa kurudi kwake mwenyewe kulimsaidia mbele ya hakimu. Mwangi alikwenda mahakama ya watoto, akawekwa chini ya afisa wa urekebishaji, na mama yake alizunguka na hofu ya kile cheti mpaka akakonda. Kampuni ilimlipa Cucu Wangeci, kisha ikamwandikia Gichuki, kama nilivyowaambia kwamba hufanya. Pikapu iliuzwa. Sehemu ya shamba ya kule chini, yenye maji, iliuzwa. Njogu hakuwasalimia kwa muda mrefu, na sikumlaumu.

Cucu Wangeci anatembea kwa fimbo. Nyasi za ng'ombe wake alizikata Mwangi mpaka alipomaliza shule, jioni baada ya jioni, akipita kona ile ile kwa miguu. Mama Mwangi ananiambia kwamba sasa mwanawe umri ameufikisha na kuupita, lakini akiulizwa habari ya kujifunza gari anatoka nje.

Salim, funguo ziko kwenye kabati la juu, nyuma ya sufuria, na najua unajua. Utimize umri, usomee, upate leseni yako, nami nitakuja nikupe mkononi, na siku hiyo nitaogopa zaidi kuliko leo. Unadhani ni wewe ninayekuogopea. Kweli nakuogopea, wewe na mama yako. Lakini ninayemwota ni mwanamke ambaye sasa hivi, mahali fulani kando ya barabara, anakata nyasi za ng'ombe wake. Hajui jina lako, na namwomba Mungu asije akalijua.